Kidonda cha Springi

Askari wa leseni aliielekeza bastola dirishani, akavuta.
Nyundo ikalala tu,
kama punda wa Mvumi aliyekataa mzigo.
"Mzee Mahinyila," akasema, "hili ni jiwe la mizani."
Risasi zangu sita akazitia kwenye bahasha,
nami akanipa barua yenye mhuri
na jina la fundi mmoja, Kizota, nyuma ya reli.

Nikaifunga kwenye khanga ya mke wangu.
Si kwa siri. Kwa aibu.
Miaka kumi na tisa kiunoni, upande wa kulia;
imetoboa suruali saba,
imeniachia sugu nyongani.
Weusi wake umekwisha mdomoni na kwenye ngoma ya risasi,
umebaki weupe wa sufuria iliyosuguliwa mchanga.
Kwenye mpini, dole gumba langu
limejichimbia shimo lake.

Fundi Chilongola hana haraka.
Mezani ana cherehani lisilo na kichwa, tupa tatu,
na redio inayosoma bei ya alizeti.
Akasoma barua mara mbili,
akafuata namba za ubavuni kwa ukucha,
akazungusha ngoma: tupu, tupu, tupu,
akazungusha tena, maana chuma hakiaminiwi.
Kisha akaifungua tumbo
na kutoa springi, vipande viwili,
bapa kama ubavu wa kuku.

Akavipeleka mlangoni, kwenye jua.
"Chuma kilichovunjika jana kidonda chake hung'aa.
Tazama hiki."
Kidonda kilikuwa na kutu,
chekundu kama njia ya Kongwa.
"Hii ilikufa zamani, mzee."
"Zamani lini?"
"Zamani." Akapuliza vumbi.

Nikaketi kwenye kreti la soda, nikahesabu kurudi nyuma.
Msalato, mwaka ule mbuzi walikosa bei.
Kibaigwa, pesa za mahindi ndani ya soksi.
Na usiku wa Pandambili: lori limezima,
vijana wanne wanatoka kwenye migunga na marungu,
mmoja anasema mbukwa, kama mtu wa kwetu,
nami napandisha shati kidogo tu,
mpini uone mwezi.
Wakatazamana.
Wakauliza kama tuna maji.
Wakanywa, wakashukuru, wakaenda zao.

Usiku ule ilikuwa hai?
Au nilimtisha mtu kwa maiti?
Au marungu yalikuwa ya kuchungia ng'ombe,
na kiu ilikuwa kiu?
Na hadithi hii nimeisimulia harusini,
kila mwaka nikiongeza kijana mmoja;
mara ya mwisho walifika tisa.

Springi mpya ilitoka Dar, siku nane, na risiti yake.
"Mpini nikubadilishie?"
"Mpini uache."
Akavuta mbele yangu, ngoma ikiwa tupu bado.
Ta.
Sauti ndogo, kavu, kijiti cha kuni kikikatika.
Nikaruka kreti lile mzee mzima,
redio ikiendelea na alizeti.
"Sasa inaweza," akasema, akanifutia mafuta.

Nyumbani Mbeleje alikuwa anasonga ugali wa uwele.
Hakuuliza bei.
Akautazama msumari ulio juu ya kitanda,
ambapo imening'inia miaka yote
juu ya vichwa vya watoto, kisha vya wajukuu,
akaendelea kusonga.
Msumari nikaung'oa kabla ya chakula.
Sasa imo sandukuni na leseni yake;
ufunguo anajua yeye ulipo.

Jumamosi nimekwenda mnadani,
suruali imelegea upande mmoja.
Pesa ziko kwenye simu, simu iko mfuko wa shati.
Mkono wa kulia umepapasa, umepapasa,
hadi mtu akaupa kamba ya ndama
akisema, nishikie kidogo, mzee, narudi.
Mpaka adhuhuri hakuwa amerudi,
nami nilikuwa bado nimeshika.